Mizigo Iliyochanganyika

Jumapili, Oktoba 5

Mvua ya kwanza. Imeanza katikati ya sala ya toba, ikapiga bati mpaka Mchungaji akawa anachezesha midomo tu. Nilisinzia kidogo, Mungu anisamehe.

Daftari hili ni la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Leo nimeligeuza na kuanza kuandika kwa nyuma. Tangu mume wangu afariki, mwaka na miezi miwili sasa, sina wa kumwambia mambo ya kutwa, na maneno yakikaa tumboni yanavunda.

Jumanne, Oktoba 7

Mvua. Sare tatu za shule. Wifi hajaimba.

Jumatano, Oktoba 8

Wifi hajaimba tena leo. Ngoja nieleze, maana hata mimi mwenyewe nikija kusoma uzeeni nitajiuliza kwa nini naandika habari za mtu ninayesema simjali.

Wifi ni dada wa mume wangu. Tulishona pamoja chumba kimoja miaka kumi na tisa, cherehani mbili zikitazamana. Sasa katikati kuna ukuta wa plaiwudi. Niliuweka mimi. Yeye ana mlango wake, mimi nina wangu, lakini kila kitu kinasikika: mkasi ukianguka, mtu akipiga chafya, mteja akilalamika kwamba nguo imembana kumbe amenenepa. Na huwa anasikika akiimba kutwa nzima. Sauti anayo, siwezi kumnyima haki yake.

Kilicholeta ukuta ni kikombe. Kanisani tulikuwa tunashiriki meza ya Bwana kwa kikombe kimoja, kinapita mkono kwa mkono. Mume wangu akaanza kukohoa. Watu wakaanza kufuta ukingo wa kikombe baada yake, mwanzoni kwa kidole, baadaye kwa kitambaa kabisa. Halafu kwenye kikao mtu akasimama akasema tununue vikombe vidogo, kila mtu anywe kwenye chake. Aliyesimama ni wifi. Dada yake wa tumbo moja! Mbele ya watu! Pale ndipo moyo wangu ulipofunga mlango.

Kikao kikageuka vurugu, vurugu ikageuka mafungu mawili, na mwisho wakagawana saa. Sisi wa Kikombe Kimoja tunaingia saa mbili asubuhi, wao wa Vikombe Vidogo wanaingia saa tano. Jengo moja, benchi zilezile, Mchungaji yuleyule na mahubiri yaleyale. Mchungaji ndiye mtu pekee anayekunywa kotekote. Anasema mahubiri ya pili huwa matamu zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe anakuwa ameshayasikia.

Jumapili, Oktoba 12

Leo nimefanya jambo, na sijui nilitubie au nilinyamazie.

Zamu ya kufagia kati ya ibada na ibada ni yangu. Nyuma ya mimbari huwa kuna vikapu viwili vya mizigo. Hii ni desturi ya kanisa letu tangu kabla sijaolewa huku: unaandika taabu yako kwenye karatasi bila jina, unaikunja, unaitia kikapuni. Inakaa juma zima ikiombewa. Jumapili inayofuata kila mtu anachukua moja anapotoka, na mzigo ule anaubeba yeye: anauombea kila siku, na Ijumaa anaruka mlo wa mchana kwa ajili yake. Hujui ni wa nani, wala huulizi. Tulipogawana saa tukagawana na vikapu. Chetu kina kitambaa cheupe, chao kina cha buluu.

Basi nafagia, mvua inamwagika, mara bati likaachia pale juu ya mimbari, maji hayo! Nikavidaka vikapu vyote viwili, nikavimimina juu ya benchi ili karatasi zisilowe, nikakimbia kutafuta ndoo. Kurudi, nakuta upepo wa dirishani umezipeperusha, karatasi zetu na zao zimekuwa chungu moja. Zote nyeupe, zote zimekunjwa mara nne, maana wote tulifundishwa na mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili. Ningezitambuaje? Kuzifungua ni dhambi. Nje watu wa saa tano wameshaanza kukung'uta miavuli. Nikagawa nusu kwa nusu kwa kukisia, nikafunika vitambaa, nikatoka kwa mlango wa pembeni nikitembea kama mtu mwenye shughuli zake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, Oktoba 16

Mvua tangu alfajiri. Mji mzima umekaa kimya chini yake. Nilipokuwa napiga pindo usingizi ulinichukua nikiwa nimekaa vilevile, mguu kwenye pedali, na katika usingizi ule nikamwona mume wangu ameketi kati ya cherehani mbili, enzi zile kabla ya ukuta. Anashikilia uzi, anauliza ncha ya pili anayo nani. Nikamwambia, "Itafute mwenyewe." Nikazinduka nimeshona pindo la sketi mpaka kiunoni. Nimefumua saa nzima.

Jumapili, Oktoba 19

Leo ilikuwa zamu yetu kuchukua zile zilizochanganyika. Nikapitisha mkono chini ya kitambaa cheupe, nikatoa moja. Sikuifungua mpaka nyumbani.

Haikuwa karatasi ya daftari. Kwa nje ilikuwa imepakwa chaki nyeupe ya fundi, lakini ndani ni kaki, ile karatasi ngumu tunayochorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Kanisa zima tunaoitumia ni wawili. Kona moja kulikuwa na vipimo nusu: bega 15, shingo 14. Katikati ameandika:

"Nina uvimbe shingoni. Wanataka kupasua. Wamesema huenda sauti isirudi, huenda na mimi nisirudi. Naogopa. Sina wa kwenda naye, na nimeshaamua siendi."

Naandika ukweli kwa sababu daftari halina mdomo: nilifurahi. Kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu, nilifurahi. Nikasema kimoyomoyo, na wewe uonje. Halafu nikakaa chini sakafuni, nikaona haya mbele ya viti.

Jumatatu, Oktoba 20

Nimesikiliza ukutani. Cherehani yake inakwenda kidogo, inasimama. Inakwenda, inasimama.

Jumanne, Oktoba 21

Mvua. Nimemwombea, kwa ukali, kama mtu anayelipia kosa la mwenzake.

Ijumaa, Oktoba 24

Nimeruka mlo. Nilidhani itakuwa kazi ndogo, mimi mtu wa kusahau kula kila siku. Kumbe njaa ya kuchagua ni nyingine. Mchana wote nilikuwa mwepesi, chumba kinanielea, mvua na cherehani ya wifi vikawa sauti moja, sijui nilikuwa macho au la. Nikawa naiona shingo yake ninavyoijua. Nilimshonea gauni la harusi mimi, shingo kumi na tatu na nusu. Siku hizi anajifunga kitambaa, nami nilikuwa nasema amezidi maringo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Lakini mimi ndiye niliyemfanya afiche. Nani mwingine angemwambia? Mumewe alishamwacha zamani, nduguye mmoja amekufa, waliobaki wako mbali, na aliyekuwa karibu kuliko wote ni mimi, inchi moja ya plaiwudi.

Jumapili, Oktoba 26

Mzee wa Redio amenifuata baada ya ibada. Ni mzee wetu wa kanisa, fundi wa redio, na katika Kikombe Kimoja hakuna mkali kama yeye. Desturi hairuhusu kusema ulibeba nini, lakini mzee huyu hajawahi kuzuiwa na desturi asiyoitunga yeye.

"Mama, ule mzigo wangu wa juma lililopita umenikondesha," akasema. "Mtu ameandika kwamba mwanawe hajaongea naye miaka minne. Anampigia simu, mtoto anakata. Nami nina wangu alikuwa hivyohivyo. Sikufunga Ijumaa tu, nimefunga siku sita. Nani wetu huyu maskini?"

Fundi cherehani hujua mambo ya watu kuliko daktari. Katika sisi wa saa mbili hakuna mwenye mtoto wa namna hiyo. Mwenye mtoto huyo ni Mwalimu wa Kwaya wa Vikombe Vidogo, ambaye Mzee wa Redio hamwiti jina wala cheo, humwita "yule mgawanyaji". 

"Sijui, Mzee," nikasema. Uongo kanisani, tena bado nimeshika ufagio.

Jumatano, Oktoba 29

Ukungu. Huoni hata duka la mkabala. Wateja wanatokea mlangoni ghafla kama wameumbwa palepale.

Jumapili, Novemba 2

Vikapu vimechukuliwa tena, kila upande na mizigo yake halali sasa. Nilipaswa kubeba mzigo mpya, lakini mkono wangu ulikataa. Nimebaki na ule wa kaki. Juma la tatu hili nautembeza ndani ya sidiria.

Jumanne, Novemba 4

Nimekwenda.

Nilisimama nje ya mlango wake, mvua inanipiga mgongoni, nikabisha hodi kama mgeni. Akasema karibu kabla hajajua ni nani. Aliponiona akashusha kitambaa alichokuwa anakata.

"Umekosea mlango," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, inakwaruza.

"Sijakosea, wifi."

"Umekuja kuazima nini?"

 Nikatoa ile karatasi, nikaiweka mezani. Akaitazama, akanitazama. Halafu akasimama, na mimi najua hasira ya ukoo ule: haipigi kelele, inateremka chini.

"Mmeanza kuiba vikapu vyetu sasa?"

Nikamweleza. Bati, ndoo, upepo, nusu kwa nusu. Nikasema ilinijia mkononi yenyewe, na kwamba nimeibeba wiki tatu, na kwamba nitakwenda naye hospitali akikubali. Alisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono.

"Wiki tatu," akasema. "Mimi nimebeba wangu mwaka mzima. Unaujua? Siku ya kumzika kaka yangu nilikuja na wenzangu wa kwaya. Nani alisimama getini?"

Nilisimama mimi.

"Ukasema nini?"

"Wifi..."

"Sema. Wewe ndiye uliyesema siku ile, sema na leo nikusikie."

"Nilisema wenye vikombe vyao wakanywee kwao."

"Ehe. Nikarudi. Nikasimama barabarani. Nimemzika kaka yangu kwa kusikiliza, dada wee! Udongo wa kwanza niliusikia, wa pili nikaziba masikio. Leo unaniletea nini? Maombi?"

Nikasema nisamehe. Lilitoka dogo mno, hata mimi niliona. Akafungua mlango, mvua ikaingia ndani, akaniambia toka, bila kelele, kama anavyomwambia mteja kwamba nguo haijawa tayari.

Nimekaa upande wangu mpaka giza likaingia. Mwaka mzima nilikuwa najihesabu mimi ndiye niliyekosewa. Nilikuwa mjane, nilikuwa na haki ya kulia, na ile haki niliitumia yote, sikumwachia dada wa mtu hata chozi moja la halali. Najichukia leo. Nimeandika, na ndivyo ilivyo.

Ijumaa, Novemba 7

Amefunga duka. Mvua.

Jumapili, Novemba 9

Saa mbili nilisimama wakati wa matangazo, baada ya habari za kuziba bati. Nikasema: Oktoba kumi na mbili nilichanganya vikapu. Juma lile baadhi yenu mlibeba mizigo ya watu wa saa tano, na wao wakabeba yenu, na sikuwaambia kwa sababu ya woga. Nikaketi.

Minong'ono ikaanza. Mama mmoja wa benchi ya mbele akatoka nje kwa hasira, akarudi kwa sababu ya mvua. Mwingine akasema kwa sauti, "Kwa hiyo nimefunga kwa ajili ya nani mimi?" kama mtu aliyeuziwa debe bovu. Mchungaji niliona mdomo wake unacheza, anazuia kicheko.

Mzee wa Redio hakuondoka ibada ilipokwisha. Alibaki kwenye benchi ya nyuma kabisa, kofia magotini. Saa tano wakaingia, wakamwona, wakamzunguka kama shimo. Nami nikasimama tena, nikarudia maneno yaleyale. Wifi hakuwepo.

Nilipomaliza, Mzee wa Redio akainuka akatembea mpaka mbele, mahali ambapo kwa saa ile si pake. Akasimama mbele ya Mwalimu wa Kwaya.

"Miaka minne?" akamuuliza.

Mwalimu akatazama sakafu. "Minne na nusu."

"Wangu alikaa mitano. Usiache kupiga simu."

Basi. Hawakukumbatiana, hawakulia, si watu wa namna hiyo. Mzee akasogea akaketi pembeni yake, na zilipopitishwa trei za vikombe vidogo akakataa kwa mkono, lakini hakuondoka.

Jumatano, Novemba 12

Saa nne asubuhi, mkono umegonga upande wa pili wa plaiwudi. Mara tatu. Niliacha mkasi.

"Mwalimu wa Kwaya amenisimulia," sauti ikasema. "Umesimama mara mbili."

"Ndiyo, wifi."

Niliisikiliza mvua. Halafu: "Ni tarehe kumi na nane. Wanataka na watu wawili wa kutoa damu. Sijasema nimekusamehe."

"Sijasikia umesema."

"Nimesema tarehe kumi na nane."

Alhamisi, Novemba 13

Walihitajika wawili, wamekuja saba, wanne wa saa mbili na watatu wa saa tano, wamejipanga kwenye benchi la hospitali mikono ya mashati imekunjwa. Mzee wa Redio wamemkataa kwa sababu ya umri, akagombana na muuguzi. Watu wale walioogopana mate sasa wanagombania kutoa damu. Nilicheka peke yangu kwenye korido mpaka nikalazimika kujifanya nakohoa, na nilipokohoa nikamkumbuka mume wangu, nikaacha kucheka.

Jumatatu, Novemba 17

Nimemshonea gauni la kufungukia mbele, shingo pana. Amelipokea bila neno. Amelipima begani.

Jumanne, Novemba 18

Naandika nikiwa benchini, nje ya chumba cha upasuaji. Wamemwingiza saa tatu.

Asubuhi tulikaa naye wodini, yeye kitandani na mimi kwenye kigoda. Dirishani mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyolowesha. Akasema, "Kabla hawajanichukua, nikwambie kitu. Nisiporudi kisipotee."

Akaniambia hivi. Vikombe vidogo havikuwa wazo lake. Mume wangu alimwendea dukani siku ambayo mimi sikuwepo, akamwambia, dada, siwezi tena kutazama wanavyokifuta kile kikombe. Nataka kunywa bila kutazamwa. Waambie walete vikombe vidogo, kila mtu chake, ili na mimi nionekane kama wengine. Lakini usiseme nimekutuma. Mke wangu ananipigania kwa kiburi, akijua nimeona haya atavunjika.

"Nikasimama kikaoni," wifi akasema. "Wewe ukanitazama vile. Na yeye akainamisha kichwa, hakuweza kusema. Nikamtunzia siri yake mpaka kaburini, na getini pia niliitunza."

Niliinamisha kichwa kitandani kwake nikalia mpaka shuka likalowa.  Nilipigania kikombe ambacho mume wangu mwenyewe alikuwa anakikimbia.

Akaniacha nilie. Halafu akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Sasa nawe nipe changu. Hakuna aliyewahi kuniambia alikufaje. Nisimulie."

Nikamsimulia. Nilisema ilikuwa asubuhi, saa nne, jua limejaa chumbani. Alitaka nifungue pazia. Akauliza kama nimemaliza suruali ya mwenye duka la rangi, nikasema bado vifungo, akacheka, akasema yule mtu atavaa kamba. Wifi akacheka na yeye. Halafu, nikasema, akaomba maji.

Hapo muuguzi akaingia na kitanda cha magurudumu.

"Usimalize," wifi akasema wakimsukuma. "Nikirudi utaanzia hapo kwenye maji."

Na mimi, Mungu ananiona, nilipumua. Kwa sababu kilichofuata baada ya maji sijamwambia mtu yeyote, wala daftari hili.

Jumanne hiyohiyo, alasiri

Ametoka. Anapumua. Daktari anasema asiseme neno siku mbili, kisha ndiyo tutajua kama sauti ipo. Kwenye korido wako kumi na mmoja, mafungu yote mawili, wamechanganyika na miavuli yao, na Mchungaji amelala usingizi kwenye kiti, mdomo wazi.

Jumatano, Novemba 19

Amelala, ameamka, amelala. Ananitazama. Nimewaza kutwa nzima: naweza kusema alikunywa maji, akafumba macho, basi. Nani atajua? Ingekuwa huruma pia.

Alhamisi, Novemba 20

Bado tunaingia saa mbili na saa tano, hilo halijabadilika, na vikao vitakuwepo. Leo mvua imekatika. Mwanga uliingia wodini mweupe sana, kila kitu kikaonekana kipya na cha mbali, hata mikono yangu.

Daktari amekuja, akamwambia jaribu. Wifi akafungua mdomo. Mara ya kwanza hewa tupu. Mara ya pili hewa. Nilishika chuma cha kitanda. Mara ya tatu ikatoka sauti ndogo, imechubuka, lakini ni yake, ningeijua popote.

"Aliomba maji," akasema.

Daktari hakuelewa, akaandika kwenye faili lake, akaenda zake.

Basi nikasema. Nikasema alikunywa nusu, akanirudishia kikombe, akasema, "Niitie dada." Nami nikamwambia wewe umetoka, umesafiri. Akauliza utarudi lini. Nikasema kesho. Akasema, "Basi nitamngoja." Akafumba macho. Hukuwa umesafiri, wifi. Ulikuwa dukani, hatua mia moja kutoka pale. Alikuwa na saa nzima bado ya kuishi. Sikukuita.

 Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, hakuyafuta, asingeweza kuufikisha mkono usoni kwa sababu ya mipira ya dripu. Nilisimama nikachukua mkoba wangu. Nilijua safari hii hahitaji kuniambia toka.

Kisha nikasikia kitanda kinalia. Nikageuka. Alikuwa anajisogeza, kidogo kidogo, uso umekunjamana kwa maumivu, mpaka akafika ukingoni na upande mmoja wa godoro ukabaki mtupu, upana wa mtu mmoja. Akaupiga kwa kiganja.

Nikavua viatu, nikapanda.